Halima wa Ujiji na Cinderella wa Katuni

Msimu wa harusi ukifika utaona keki zenye umbo la kasri na magauni yaliyopewa majina ya mabinti wafalme wa katuni. Hatuna ugomvi na keki. Tunayoitazama leo ni hadithi iliyokuja nayo: msichana anapika na kuzoa majivu, anatokea mwanamume, na jiko linasahaulika. Katika Cinderella ya Disney ya mwaka 1950, kazi ya jikoni ni adhabu na ndoa ndiyo malipo. Kabla yake, katika Snow White ya 1937, binti aliwapikia vijeba saba na kuwasafishia nyumba ili apate pa kujificha.

Sisi tunaye mpishi wetu wa kweli. Yuko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali Stanley alipomkuta Livingstone, kwa hesabu ya Stanley tarehe 10 Novemba 1871. Leo pana makumbusho pale, na sanamu za wanaume wawili wakivua kofia kuamkiana. Siku ile, wakati wao wamekaa barazani, jikoni alikuwamo Halima, mpishi wa Livingstone na mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara.

Stanley kaeleza katika kitabu chake kwamba Halima alikuwa akichungulia kutoka jikoni kuhakikisha kama kweli wazungu wamekuwa wawili. Yule mmoja alikuwa dhaifu, hali kitu, na Halima akihofia kwamba upishi wake hauthaminiwi. Siku hiyo chakula kililiwa mpaka mwenyewe akashangaa. Aliyewahi kupeleka sinia likarudi kama lilivyokwenda atamwelewa.

Mwaka uliofuata, wakiwa upande wa Unyanyembe, Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara, Ntaoeka, akaondoka. Livingstone akatuma barua ya kumtafuta. Halima akarudi kwa hiari yake, lakini hakuingia. Alisimama nje akitaka Livingstone atoke na amwambie mwenyewe aingie. Livingstone akatoka, akamwambia, akamwonya asigombane tena, kisha akampa nguo nzito ya baridi. Katika shajara yake akamsifu: hajapata kumkemea hata mara moja, haibi, wala hamwachi mumewe aibe. Akaandika kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Hapo mlangoni ndipo panapotupendeza. Katika The Little Mermaid ya 1989 binti anaitoa sauti yake ili apate miguu na mchumba. Mwaka 2016 wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu maneno ya filamu hizi. Katika hiyo ya nguva, wanaume wamezungumza asilimia 68 ya maneno yote. Katika Aladdin ya 1992, yenye binti wa sultani, asilimia 90. Ajabu ni kwamba katika Cinderella ya zamani wanawake ndio waliozungumza zaidi. Halima hakuandika kitabu, lakini alijua kwamba mtu hukaribishwa ndani kwa kauli.

Tusimpambe, lakini. Mtu haahidiwi uhuru kama tayari anao. Livingstone, anayesifiwa kwa kupinga biashara ya utumwa, alimpata Halima kutoka kwa mtu mwingine. Na ile nyumba iliahidiwa ndani ya daftari la mtu mmoja. Kwetu mahari hutajwa mbele ya mashahidi, ikapokewa au ikawa deni linalojulikana, na bibi harusi huulizwa ridhaa yake. Mabinti wafalme wa katuni hatuwaoni wakiulizwa mahari.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na watu wake wakaubeba mwili hadi Bagamoyo. Shajara zake zilichapwa London mwaka 1874. Chini ya ukurasa wenye ile ahadi, mhariri Horace Waller aliongeza maelezo mafupi: Halima aliufuata mwili mpaka Zanzibar, na inasikitisha kwamba kwa kifo hicho utumishi wake wa muda mrefu umebaki bila malipo.