Safari ya taya

Jumamosi nilienda Kwihara, walipokaa Livingstone na Stanley 1872. Njiani nikawaza safari nyingine. Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt alitoka Kampala kwa gari, maili 10,000, akapita Tanganyika mpaka kusini huko, kila hospitali anauliza: mnaona watoto waliovimba taya? Zamani uvimbe ule ulipewa majina tofauti, wa taya lake, wa tumbo lake. Kampala hapohapo Gregory O'Conor alishauangalia kwa hadubini: saratani moja tu ya limfu, seli nyeusi zimebanana na madoa meupe kama nyota. Baadaye wengine walipona kwa dawa tu, bila kisu.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wangu alivimba taya. Tukasema jino. Mpaka naondoka hakurudi darasani.