Daraja la Quebec na uzito uliosahauliwa

Yeyote aliyewahi kumtazama fundi akipandisha paa ameiona kenchi: mbao au vyuma vilivyofungwa pembetatu kwa pembetatu. Fremu ya pembe nne ukiisukuma hulala upande. Pembetatu haibadili umbo mpaka kipande kivunjike au kiungo kiachie. Mafundi walilijua jambo hilo kwa karne nyingi. Wasilolijua ni kiasi gani kila kipande kinabeba. Walikisia, na palipokuwa na shaka waliongeza mbao.

Mwaka 1847, Mmarekani Squire Whipple alichapisha huko New York kitabu kilichoonyesha namna ya kukokotoa. Hoja yake ni nyepesi: ikiwa daraja zima limetulia, kila kiungo nacho kimetulia, na nguvu zote zinazokutana hapo hazina budi kufutana. Chukua kenchi ya pembetatu yenye mteremko wa nyuzi 30, uweke kilo 1,000 kileleni. Kila ukuta utapokea kilo 500. Lakini boriti iliyoinama, kwa kuwa haikusimama wima, lazima ibanwe kwa kilo 1,000 ndipo iweze kuufikishia ukuta hizo 500. Na boriti ya chini, inayozuia kuta zisitanuke, inavutwa kwa kilo 866. Ukimaliza kiungo hiki unahamia kingine. Mwaka 1863 Mjerumani August Ritter alieleza njia ya mkato: unalikata daraja kwa fikra tu, ukapata nguvu ya kipande unachokitaka bila kuvipitia viungo vyote.

Njia hizo ni sahihi hadi leo. Hata hivyo, zote huanza na uzito, na uzito ukikosewa, kosa husafiri mpaka kipande cha mwisho.

Huko Kanada, daraja la reli la kuvuka mto St. Lawrence karibu na mji wa Quebec lilisanifiwa kwanza likiwa na mwanya wa mita 488 kati ya nguzo zake kuu. Mwaka 1900 mhandisi mshauri, Theodore Cooper wa New York, mtu aliyeheshimiwa sana, aliurefusha hadi mita 549. Chuma kiliongezeka, lakini uzito uliokadiriwa mwanzoni haukukokotolewa upya. Kosa lilipogunduliwa mwaka 1906, sehemu kubwa ya vyuma ilikwisha kutengenezwa. Cooper alikubali nguvu zizidi kwa asilimia 7 hadi 10, kazi ikaendelea.

Kipande kinachovutwa hujinyoosha chenyewe, ila kinachobanwa huweza kupinda kabla ya kuvunjika. Mwezi Agosti 1907, kipande kimoja cha chini kilichobanwa, kilichoundwa kwa mabamba manne yaliyoshikizwa kwa vyuma vyembamba vya mshazari, kilionekana kuzidi kupinda: katika muda wa wiki moja hivi, kutoka milimita 19 hadi 57. Wengine walidai kilitoka kiwandani hivyo. Mhandisi kijana, Norman McLure, alitumwa New York kumweleza Cooper ana kwa ana. Tarehe 29 Agosti Cooper alipeleka simu ya maandishi kwamba mzigo usiongezwe. Aliipeleka kwenye kiwanda huko Pennsylvania, si darajani, na wakuu wa kiwanda waliahirisha uamuzi mpaka kesho yake.

Jioni hiyo, mnamo saa kumi na moja na nusu, wafanyakazi wakikaribia kushuka, sehemu yote ya kusini iliporomoka. Watu 75 walikufa. Kati yao 33 walikuwa Wamohawk kutoka Kahnawake, makazi madogo ambayo siku hiyo yalipata wajane katika nyumba nyingi kwa mara moja. Tume ya Kifalme iliyochunguza ilitaja vyuma dhaifu vya mshazari na lile kadirio la uzito. Cooper, kwa sababu ya afya yake, hakuwahi kufika kuviona vyuma hivyo vikiwa vimesimikwa.

Daraja la pili lilipewa vipande vya chini vyenye unene wa zaidi ya mara mbili. Nalo halikukosa msiba: mwaka 1916 sehemu ya kati ilianguka mtoni wakati wa kuinuliwa, ikaua watu 13. Lilikamilika mwaka 1917, na treni zingali zinapita juu yake.