Mtu Kabla ya Mgonjwa

Fundi cherehani aliyevuka miaka arobaini, ambaye siku hizi humwita mtoto wa jirani amtungie uzi kwenye sindano, hasemi anaumwa macho. Kuumwa macho ni wekundu, machozi na matongotongo. Yeye haoni karibu, basi. Kwa hiyo zahanati haendi. Na akienda, ataandikwa "mgonjwa", jina asilolitambua kuwa lake.

Ndiyo maana nalipenda neno "mtu" katika istilahi hii ndefu: huduma jumuishi za macho zinazomlenga mtu. Shirika la Afya Duniani lililitangaza wazo hilo katika ripoti yake kuhusu uoni ya mwaka 2019, na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaliridhia mwaka 2020. Ripoti ilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na wasiopungua bilioni 1 kati yao wangeweza kukingwa au bado hawajahudumiwa. Katika bilioni hiyo, milioni 826 ni wenzake fundi wetu: dawa yao ni miwani ya kusomea. Wenye mtoto wa jicho walikuwa milioni 65.2. Tukisema "wagonjwa" tunawaacha wengi nje ya sentensi, na baadaye nje ya bajeti.

"Kumlenga" nina shaka nalo. Mshale hulenga, bunduki hulenga. Anayelengwa haulizwi neno. Afadhali "zinazoanzia kwa mtu".

"Jumuishi" nalitetea kwa moyo wote. Ni ndugu wa jumuiya, na lina maana mbili: kuunganisha huduma, na kutomwacha mtu nje. Hapa zote zinatakiwa. Mwenye kisukari huhudhuria kliniki kupimwa sukari huku retina, utando wa nyuma ya jicho, ikiharibika bila maumivu. Kipimo cha macho kikiwa jengo jingine, siku nyingine, kwa malipo mengine, hatakwenda mpaka ukungu umwingie. Ujumuishi ni nesi wa kliniki ileile kuhakikisha macho yanapimwa siku hiyohiyo, na bima kulipia miwani kama inavyolipia vidonge.

Mwaka 2021 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kufikia 2030, kiwango cha wanaopata miwani inayowafaa kipande kwa pointi 40 za asilimia, na cha upasuaji wenye mafanikio wa mtoto wa jicho kwa pointi 30. Tarakimu hizo ndizo za kulengwa. Fundi aulizwe kwanza hushika kitambaa umbali gani na hushona mpaka saa ngapi, ndipo apimiwe miwani.