Rovu, Muhogo na Chumvi: Historia ya Usafirishaji wa Iodidi na Funzo Lake kwa Gitega na Muyinga

1.0 Utangulizi

Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni, kwa muda mrefu limeelezwa kuwa ni maradhi ya nyanda za juu zilizo mbali na bahari, ambako mvua imeosha iodini ya udongo. Burundi, kuanzia Gitega hadi Muyinga mpakani mwa Tanzania, imo katika mazingira ya aina hiyo. Makala haya yanadai kwamba upungufu wa iodini ni sehemu moja tu ya maelezo. Sehemu nyingine imo katika chakula, nayo ina historia ya kisiasa.

2.0 Muhogo na Sera ya Njaa

Gitega ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1912 kuwa makao ya utawala. Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916 na, katika miaka ya 1930, baada ya njaa kuikumba Ruanda-Urundi, wakawalazimisha wakulima kupanda mazao yasiyotegemea msimu, muhogo ukiwa miongoni mwake. Sera hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa muhogo huweza kuachwa ardhini hadi siku ya dhiki. Hata hivyo, mizizi yake, hasa ya aina chungu, ina linamarini inayotoa sianidi, na mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa thiosianati.

3.0 Ushahidi wa Idjwi

Athari za thiosianati zilidhihirika katika Kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, upande wa Kongo. François Delange na André Ermans waligundua kwamba iodini ilipungua kaskazini na kusini mwa kisiwa kwa kiwango kinachofanana, lakini rovu lilienea zaidi kaskazini. Katika taarifa yao ya mwaka 1971 walionyesha kuwa ulaji wa muhogo wa huko ulipunguza uingiaji wa iodidi katika thairoidi.

Maelezo ya kiseli yalikamilika baadaye. Mwaka 1996 kundi la Nancy Carrasco lilitambua jeni ya protini inayoingiza iodidi katika seli pamoja na sodiamu. Homoni ya thairoidi inapopungua, tezi ya pituitari hutoa zaidi homoni ichocheayo thairoidi. Nayo huongeza protini hiyo na kuikuza tezi. Thiosianati hushindana na iodidi kwenye protini hiyo hiyo. Iodini ikiwa haba, amri ya homoni huendelea kutolewa bila kutimizwa ipasavyo, na tezi huvimba. Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ubongo wa mtoto aliye tumboni huhitaji homoni hiyo.

4.0 Hitimisho

Kwa kuwa ni ushindani, iodini ya kutosha huweza kuushinda. Ndiyo maana chumvi yenye madini joto hubaki kinga ya kwanza, na ukaguzi wake katika njia za mpakani kama Muyinga ni suala la afya kabla ya kuwa la ushuru. Lakini kupima chumvi pekee hakutoshi. Watunga sera wapime pia iodini na thiosianati katika mkojo, na walinde desturi ya kuloweka, kuchachusha na kukausha muhogo, ambayo hupunguza sianidi. Dola iliyowahi kuamuru muhogo upandwe haikuuliza utaandaliwaje. Swali hilo sasa ni la wapangaji wa Gitega.