Sindano za Kichina: maumivu ndiyo, presha na sukari hapana

Naletewa swali hili mara kwa mara, na wengi wanaolileta ni watu wazima wenye magoti mabovu na viuno vizito: je, zile sindano za Wachina zinatibu kweli? Jibu langu haliwezi kuwa ndiyo au la, kwa sababu anayeuliza huwa anauliza mambo matatu kwa pamoja. Kuna sindano zenyewe. Kuna mitishamba inayouzwa pamoja nazo. Na kuna swali ambalo wengi hawalitamki: nikianza huko, niache tembe zangu za presha? Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu, na nalijibu hapa mwanzoni ili asiyesoma hadi chini asilikose. Usiache. Hakuna sindano wala mzizi wa Kichina uliothibitishwa kuchukua mahali pa dawa ya presha au ya kisukari.

Sasa tuanze na sindano. Tiba hii wengine huiita akupancha. Wachina wenyewe huiita zhenjiu, neno linalounganisha mambo mawili, kudunga na kuchoma. Sindano hudungwa mwilini, na majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga huchomwa karibu na ngozi ili kupasha mahali joto. Kitabu chake kikongwe, Huangdi Neijing, kilikusanywa miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Nadharia yake ni kwamba mwilini mnapita nguvu iitwayo qi (hutamkwa chi) kwa njia kuu 14, na juu ya njia hizo pana vituo 361. Qi ikikwama, mtu huugua, sindano huizibua. Daktari akipasua mwili hazioni njia hizo, wala hakuna kipimo kilichowahi kuionyesha qi.

Hata hivyo mtu wa Pwani asiwe mwepesi wa kucheka. Sisi maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, yaani baridi kavu, na bibi zetu wanajua chakula gani ni cha baridi na kipi ni cha hari. Hayo tumeyarithi kutoka tiba ya Kiyunani iliyotufikia kwa mikono ya Waarabu. Mchina naye maumivu hayo huyaita fengshi, upepo na unyevu. Ni namna ya watu wa zamani kupanga walichokiona kabla hakujawa na vipimo vya damu. Jina la kale haliifanyi tiba kuwa ya uongo, wala haliithibitishi. Kinachothibitisha ni kuwapima wagonjwa.

Wachina wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja siku zote. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa tiba ya sindano katika chuo cha matabibu wa ikulu. Ilirudishwa kwa nguvu na serikali ya Mao miaka ya 1950, wakati nchi ilikuwa kubwa na madaktari wachache. Marekani iliisikia zaidi mwaka 1971, mwandishi wa New York Times, James Reston, alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mjini Beijing, kisha akatulizwa tumbo kwa sindano. Angalia vizuri hapo: upasuaji wenyewe alifanyiwa kwa dawa za kawaida za ganzi. Sindano zilikuja baadaye. Habari iliposafiri, wengi walisimulia kana kwamba alipasuliwa kwa sindano tupu.

Kwetu si ngeni kabisa. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964. Na mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari za baharia Zheng He, msichana mmoja wa Siyu, kisiwani Pate, alialikwa huko kwa ajili ya masimulizi ya mabaharia wa Kichina waliozama pwani ya Lamu, kisha akapewa nafasi ya kusomea tiba ya Kichina.

Lipo jambo jingine tunalolijua bila kufundishwa, nalo ni kuumika. Wachina hutumia vikombe vya kioo vilivyopashwa moto, na kwa kawaida hawatoi damu. Hijama yetu huchanja na kutoa. Zile alama za duara zilizoonekana kwenye mabega ya mwogeleaji Michael Phelps mjini Rio mwaka 2016 ni za vikombe vya namna hiyo. Lugha yetu nayo ina ucheshi wake. Kupiga chuku ni kuumika kwa pembe, na kupiga chuku ni kutia chumvi katika maneno. Bango linaloorodhesha magonjwa arobaini, kuanzia kikohozi hadi saratani, linapiga chuku kwa maana ya pili.

Nimelala kwenye kitanda hicho mara sita kwa ajili ya kiuno, kwa hivyo naweza kueleza yanayotendeka. Tabibu hushika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo kwa vidole vitatu, hutazama ulimi, huuliza usingizi, choo na hamu ya kula. Kisha hudunga sindano, pengine sita, pengine kumi na tano. Si kama sindano ya hospitali. Unene wake ni kama robo ya milimita, haina tundu, wala hakuna dawa inayoingia. Ikiingia unasikia uzito au ganzi inayosambaa, na Wachina huiona hisia hiyo kuwa dalili nzuri. Unaachwa hivyo dakika 20 hadi 30, na ni rahisi kusinzia. Kiuno changu kilipata nafuu. Lakini kiuno changu si ushahidi, kwani maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe kwa wiki kadhaa, na anayekuwa kazini wakati huo ndiye anayepata sifa.

Ushahidi wa maana ulitafutwa Ujerumani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilidungwa kwenye vituo vya Kichina. La pili lilidungwa juu juu tu, mahali pasipo kituo chochote, bila kuambiwa. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, la pili 44.2, la tatu 27.4.

Zisome tena tarakimu hizo, kwa sababu kila upande huzinukuu nusu. Mwenye kliniki atakuambia sindano ziliwashinda madaktari, na ni kweli. Mpinzani atakuambia sindano za kweli hazikutofautiana na za uongo, na hilo pia ni kweli. Nionavyo mimi, kudungwa, kulala kimya nusu saa, kushughulikiwa na mtu anayekusikiliza na kutarajia nafuu, vyote hivyo hutuliza maumivu, na mahali hasa sindano inapoingia si muhimu kama ramani ya vituo 361 inavyodai. Mgonjwa aliyechoka kumeza dawa za maumivu kila siku, ambazo nazo huumiza tumbo na figo, simlaumu akijaribu. Wataalamu nao wanasitasita. Taasisi inayoshauri hospitali za umma Uingereza ilikubali sindano kwa maumivu ya kiuno mwaka 2009, ikaziondoa mwaka 2016, lakini kwa kipandauso bado inaruhusu mizunguko hadi kumi ya kuzuia.

Kwa goti lililolika nafuu ipo, ila ni ndogo na haijengi tena goti. Kwa kichefuchefu, hasa baada ya upasuaji, kuna kituo ambacho kimepimwa sana: upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu chini ya mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili. Hapo hata sindano haihitajiki. Kubonyeza kwa kidole dakika chache hakugharimu kitu, na wapo wanaovaa mkanda wenye kifundo wakipanda mashua.

Wanawake wanaotafuta mtoto ndio ninaowaonea huruma zaidi, maana wao hulipa chochote. Utafiti uliofanywa Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuata wanawake 848 waliokuwa wakipandikizwa mimba kitaalamu. Waliodungwa sindano za kweli na kujifungua walikuwa asilimia 18.3, waliodungwa za uongo, asilimia 17.8. Tofauti hiyo si kitu. Kuhusu presha, sindano zaweza kuishusha kwa muda mfupi, lakini haijaonyeshwa kwamba huiweka chini siku hadi siku, na presha hupasua mishipa ya ubongo siku mgonjwa anapojiona mzima.

Nimalize sindano hapo, niingie kwenye kinachodhuru zaidi: kilicho ndani ya chupa na pakiti.

Si kwamba mitishamba ya Kichina haina kitu. Dawa ya malaria tunayopewa leo katika zahanati zote za Pwani, ile ya artemeta na lumefantrini, imetoka huko. Mtafiti Tu Youyou alisoma kitabu cha tabibu Ge Hong, cha miaka ipatayo 1,600 iliyopita, kilichosema mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa. Akatambua kwamba kuuchemsha ndiko kulikokuwa kunaharibu dawa, akaitoa kwa joto dogo, akaijaribu mwilini mwake mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Baada ya hapo dawa ikasafishwa, ikapimwa kiasi, ikaunganishwa na nyingine ili vimelea visiizoee. Muuza pakiti isiyo na jina anayemtaja Tu Youyou anajipatia heshima ya kazi ambayo yeye hakuifanya. Na chai ya majani hayo, nayo hunadiwa, Shirika la Afya Duniani halipendekezi itumiwe kutibu malaria.

Upande wa pili wa mambo ulionekana Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mzizi mmoja ulibadilishwa kimakosa na mwingine wenye jina linalofanana kwa Kichina, wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa watu wazima wenye afya waliotaka kupunguza tumbo tu.

Yapo madogo zaidi yasiyosikika. Ma huang, mmea wa efedra, hupandisha presha na kuusumbua moyo. Mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irq sus, na Wachina huutia katika mchanganyiko mwingi, ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha pia na kupunguza madini ya potasiamu. Danggui, wanaopewa wanawake kwa ajili ya hedhi, huzidisha nguvu ya wafarini, na anayemeza dawa hiyo ya kuzuia damu isigande anaweza kutokwa damu ovyo. Na iwapo dawa ya magoti "ya asili kabisa" imekuondolea maumivu kwa usiku mmoja, ishuku. Mamlaka za dawa za Marekani na Singapore zimekamata mara kwa mara bidhaa za namna hiyo zilizotiwa stiroidi kwa siri. Stiroidi hutuliza goti kweli, huku ikipandisha sukari, presha na kuvimbisha uso.

Kwa Muislamu kuna jambo la ziada. Ejiao, dawa inayosifiwa kwa kuongeza damu, ni gundi ya ngozi ya punda. Ndiyo hiyo iliyofanya machinjio ya punda yafunguliwe nchini kuanzia 2016, hadi wizi wa punda ukawa kero na serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, marufuku ambayo mahakama iliibatilisha mwaka uliofuata. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa punda ni nini katika maisha ya mji. Baadhi ya dawa nyingine huchovywa katika pombe, na ngozi ya kapsuli yaweza kuwa ya nguruwe. Uliza kabla ya kumeza.

Anayeamua kwenda, aende akiwa na orodha ya dawa zake zote na aionyeshe. Sheria ya Afya ya 2017 inasema itaundwa kwa sheria ya bunge taasisi ya kusimamia tiba za kienyeji na mbadala; wewe cheti cha ukutani kisome, uone kimetolewa na nani na kwa kazi gani. Kibali cha biashara cha kaunti huruhusu kufungua mlango tu. Sindano itolewe kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, na ikitumika itupwe katika kisanduku kigumu. Sindano zilizorudiwa zimewahi kuambukiza homa ya ini aina ya B. Pakiti yoyote ya dawa iwe na majina ya vilivyomo kwa lugha unayoisoma na nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mjamzito aseme mapema, kwani vituo vingine, kama kile kilicho kati ya kidole gumba na cha shahada, matabibu wenyewe huviepuka kwa wajawazito. Maumivu ya kiuno yanayokuja na miguu kulegea, mkojo kuziba, homa au kukonda si ya sindano, ni ya daktari, tena upesi.

Ajali mbaya zaidi ni sindano kufika kwenye pafu. Ni nadra. Lakini ukitoka kudungwa shingo, mabega au mgongo wa juu, kisha kifua kikabana au pumzi ikawa fupi, hata ikiwa saa kadhaa zimepita, usirudi kwa tabibu. Nenda hospitali moja kwa moja na uwaonyeshe mahali ulipodungwa.