Nchelenge na Urithi Usiojengwa kwa Mawe

Msafiri afikapo Nchelenge, kaskazini ya Zambia, akitarajia magofu kama yale ya Gedi au Kilwa Kisiwani, hatayaona. Ataliona ziwa Mweru, lenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 5,000. Ataona mitumbwi ufukoni na soko la samaki la Kashikishi, mji uliopakana na Nchelenge. Ng'ambo ni Kongo. Je, mahali kama hapa pana historia? Ipo, tena nyingi. Ila imehifadhiwa vinywani mwa watu.

Masimulizi mashuhuri kupita yote ni ya Nachituti. Nduguye Nkuba, mtawala wa Washila waliokuwa wavuvi wa ziwa hili, alimwua mwanawe. Mama huyo akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda walioingia bonde la Luapula kutoka magharibi katika karne ya 18, akamwomba amlipie kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Wako watakaosema kuwa hiyo ni hadithi tu. Lakini kwa wenyeji hadithi hiyo ni hati: yaeleza kwa nini enzi ilikuwa ya Walunda.

Hati nyingine huchezwa. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, huko Mwansabombwe, kusini ya Nchelenge, Mwata hucheza Mutomboko, ngoma ya ushindi, akishika upanga na shoka. Kwa sura yake ya sasa sherehe hiyo ilianza mwaka 1971, nayo huwavuta wageni wengi.

Wageni nao waliandika. Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798, akafia huko. Livingstone aliliona ziwa Mweru mwezi wa Novemba 1867, akamkuta barazani kwa Kazembe mfanyabiashara Mohamad bin Saleh, aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Wakati huo huo Tippu Tip alikuwa amepigana na Nsama wa Watabwa, mashariki ya ziwa, na baadaye akayasimulia mambo hayo kwa Kiswahili katika wasifu wake.

Hapa yatupasa sisi walimu wa Kiswahili tuseme kweli. Lugha yetu ilifika katika nchi hizi pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Wasifu wa Tippu Tip ni hazina ya nathari yetu, lakini humwonyesha msomaji nchi kwa jicho la mwenye bunduki. Anayeusoma peke yake atazijua pembe zilizotekwa. Hatalijua kapu la Nachituti. Kwa bahati njema Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliyatoa masimulizi ya mababu zake yakaandikwa kwa Kibemba. Vitabu hivyo viwili vyafaa visomwe pamoja.

Urithi wa maji nao una somo lake. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Katika miaka ya 1940 biashara ya samaki ilipopanuka, alivuliwa mno wakati huo huo wa kutaga, hata makundi yale yakatoweka. Leo uvuvi husimamishwa kila mwaka tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Chungu cha Nachituti kilikuwa na maji; hakikuwa na ahadi ya kwamba samaki hawatakwisha.

Kuta za mawe zikianguka, magofu husalia. Neno likikosa msimulizi halisalii kitu. Basi tuwatume wanafunzi wetu kwa wazee, popote tufundishapo, wakiwa na daftari na adabu. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Na sisi, ambao lugha yetu iliwahi kutumiwa kuwahesabu watumwa, tuna sababu zaidi ya kuisikiliza methali hiyo.