Mkazo na wizani katika Kiingereza cha mazungumzo

Mkazo ni nguvu ya sauti inayoipa silabi moja uzito kuliko nyingine katika neno. Katika makala haya silabi yenye mkazo imeandikwa kwa herufi kubwa.

Mahali pa mkazo
Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na husogea neno linaporefuka: SOma, soMEsha, someSHAna. Maneno yanayokiuka kanuni hii ni machache, kama vile baRAbara (sawasawa), linalotofautiana na baraBAra (njia) kwa mkazo pekee.

Kiingereza hakina mahali pamoja pa mkazo. Husemwa PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAPHic. REcord ni nomino, reCORD ni kitenzi. Kwa hiyo mkazo hujifunzwa pamoja na neno lenyewe. Kamusi nyingi huuonyesha kwa alama ndogo ya wima iliyoinuliwa kabla ya silabi husika. Msemaji wa Kiswahili anayefuata mazoea ya lugha yake huelekea kutamka hosPItal badala ya HOSpital.

Silabi zisizo na mkazo
Kupatia mahali pa mkazo ni nusu tu ya kazi. Neno banana lina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama ambavyo Mswahili angetarajia. Hata hivyo, katika Kiingereza cha Uingereza na Marekani, a ya kwanza na ya mwisho hufifia na kuwa irabu fupi ya katikati ya kinywa, ambayo Kiswahili hakina. Irabu za Kiswahili hubaki kamili, ziwe na mkazo au zisiwe nao. Za Kiingereza hupungua zinapoukosa.

Wizani wa sentensi
Mwaka 1945 mwanaisimu Kenneth Pike alitofautisha lugha zinazokwenda kwa mapigo ya mkazo na zile zinazokwenda kwa silabi. Vipimo vya baadaye havikuthibitisha kwamba nafasi kati ya mapigo hulingana kabisa, lakini tofauti inayosikika ipo. Linganisha:

COOKS BOIL RICE.
The COOKS have been BOILing the RICE.

Sentensi zote mbili zina mapigo matatu. Maneno ya kisarufi katika ya pili hubanwa katikati ya mapigo hayo, ndiyo sababu mwanafunzi anayeyajua yote kwa maandishi huweza kuyakosa kwa sikio.

Athari kwa maana
Katika I can COME, neno can hutamkwa kwa wepesi na irabu yake hufifia. Katika I CAN'T COME, kikanushi hubeba uzito. Anayetamka can kwa irabu kamili anaweza kueleweka kuwa amekanusha, hasa na msikilizaji wa Marekani, ambako t ya mwisho mara nyingi haisikiki waziwazi. Aliyekubali mwaliko huchukuliwa kuwa ameukataa.

Katika ufundishaji
Miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza wa Afrika Mashariki, irabu kamili hazizuii maelewano. Ugumu hujitokeza wanapozungumza na wageni au kuwasikiliza. Mwalimu anaweza kuanza kwa kupigisha makofi kwenye silabi nzito tu, kisha kuongeza maneno mepesi bila kuongeza makofi. Hivyo mwanafunzi huzoea kukaza panapostahili, na pia kulegeza panapobaki.